Kipimo cha Oksijeni Kidoleni: Kinavyofanya Kazi na Kinapoweza Kukupotosha

Ukimpeleka mtoto anayekohoa katika zahanati au kituo cha afya, huenda mhudumu akambana kidole kwa kifaa kidogo kinachofanana na kibanio cha nguo. Baada ya sekunde chache, nambari mbili huonekana: mapigo ya moyo kwa dakika, na asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu. Kifaa hicho huitwa oksimita. Tangu janga la Korona, baadhi ya familia zimekinunua na kukiweka nyumbani. Ni vyema kila mkazi afahamu nambari hiyo inatoka wapi, na ni wakati gani haifai kutegemewa peke yake.

Ndani ya kibanio

Upande mmoja kuna taa mbili ndogo za LED. Moja hutoa mwanga mwekundu. Nyingine hutoa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Upande wa pili kuna kihisi cha mwanga kilichotengenezwa kwa silikoni.

Silikoni ni semikondakta. Haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Mwanga ukiigonga, umeme mdogo huanza kupita, na mwanga ukiongezeka, umeme nao huongezeka. Ni kanuni ile ile inayotumika katika paneli ya sola iliyo juu ya paa. Taa za LED nazo ni semikondakta, ila kazi yake ni kinyume: hupewa umeme, zikatoa mwanga.

Damu yenye oksijeni nyingi hupitisha mwanga mwekundu na kunyonya zaidi infraredi. Damu iliyopungukiwa na oksijeni hunyonya zaidi mwanga mwekundu. Kifaa hulinganisha mianga hiyo miwili na kukadiria asilimia.

Lakini kidole kina ngozi, mfupa na ukucha pia, na vyote hunyonya mwanga. Katika miaka ya 1970, mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi alipata njia ya kulitatua tatizo hilo. Damu ya mishipa ya ateri pekee ndiyo huongezeka na kupungua kwa kila pigo la moyo. Kwa hivyo kifaa hufuata sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka, na kuiacha ile isiyobadilika.

Kinapokosea

Oksimita haioni oksijeni yenyewe. Inapima mwanga tu. Mikono baridi, mtoto asiyetulia, rangi ya kucha, hina au jua kali vinaweza kuvuruga kipimo.

Hatari zaidi ni pale kinaposoma juu kuliko hali halisi. Mtu aliyelala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huvuta gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida haiwezi kuzitofautisha. Mgonjwa anaweza kuonyesha 98 huku maisha yake yakiwa hatarini.

Jambo la pili linatuhusu sana. Melanini, ambayo huipa ngozi rangi nyeusi, hunyonya mwanga. Utafiti wa hospitalini nchini Marekani uliochapishwa Desemba 2020 uliangalia vipimo vilivyosoma kati ya 92 na 96. Damu yenyewe ilipopimwa, oksijeni ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa weupe. Februari 2021, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu upungufu huo.

Hii haimaanishi kifaa hakifai. Kimesaidia kutambua wagonjwa wengi wanaohitaji oksijeni. Maana yake ni kwamba nambari ni makadirio.

Ufanye nini

Kabla ya kupima, ondoa rangi ya kucha, pasha mkono joto, tulia, kisha subiri nambari itulie. Mtu mwenye afya kwa kawaida husoma 95 hadi 100, ingawa wanaoishi nyanda za juu wanaweza kusoma chini kidogo. Chini ya 90 ni dharura.

Mtoto akiwa mgonjwa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa pumzi ni:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5.

Mpeleke mtoto kituoni mara moja ikiwa anapumua hivyo, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea. Ukishuku moshi wa jiko, mtoe mtu nje kwenye hewa safi na utafute matibabu. Fanya hivyo hata kama oksimita inaonyesha nambari nzuri.