Seriamu, kutoka karabai hadi taa ya LED

Msomaji wa Kibara, wilayani Bunda, anauliza: mbona taa yake ya LED ya kuvulia dagaa ina madoa ya njano ikizimwa, na ikiwashwa mwanga ni mweupe?

Weupe huo unatokana na madoa hayohayo. Chini yake kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu tu, uvumbuzi uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Njano ni unga wa fuwele za yitriamu, alumini na oksijeni, uliotiwa kiasi kidogo cha elementi iitwayo seriamu. Kwa Kiingereza huitwa phosphor; mimi nauita unganuru, kwani fosforasi ni elementi nyingine na humo haimo. Buluu kiasi hupenya, kiasi hugeuzwa njano, na macho yakipokea zote mbili huona nyeupe. Nichia ya Japani ilianza kuuza taa hizi mwaka 1996.

Buluu hugeukaje njano? Utamu wote uko hapa. Atomu ya seriamu ni nyumba yenye chumba cha ndani na baraza. Elektroni moja imejisitiri chumbani, majirani hawaigusi. Buluu ikiingia huipa nguvu ya kutoka barazani. Huko iko uso kwa uso na majirani wanane, atomu za oksijeni, nao hujisogeza kuipa nafasi. Kusogea huko hula sehemu ya nguvu, ikawa joto. Elektroni hurudi chumbani na nguvu iliyosalia, ikiitoa kama mwanga, na kwa kuwa nguvu imepungua, rangi huwa njano. Safari nzima haifiki sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tena majirani ndio wanaoamua baraza liwe juu au chini: watafiti wakiweka naitrojeni mahali pa oksijeni, rangi husogea kuelekea nyekundu.

Wazee waliovua kwa karabai kutoka mwalo wa Mwigobero, Musoma, walikwishaitumia seriamu. Kile kifuko cheupe kinachong'aa kwenye karabai, Carl Auer von Welsbach wa Austria alikiboresha mwaka 1891 kwa oksidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Ila karabai ilikula mafuta usiku kucha, na nguvu yake nyingi ikaishia joto.

Unganuru nao hauupendi moto. Ukipashwa sana, elektroni nyingi hurudi chumbani bila kutoa mwanga. Kwa hiyo ukinunua taa, igeuze utazame mgongo wake: wa alumini nene huondoa joto vizuri kuliko wa plastiki.