Nusu ya Pishi na Nusu ya Kibaba

Je, wajua ya kuwa ile tarakimu 50 ionekanayo kwenye kioo cha kompyuta, kando ya alama ya spika, haipimi sauti hata kidogo? Mtu aliyeketi usiku akisikiliza mawaidha kwa spika ndogo za mezani, akatanabahi ya kuwa watu wa nyumbani wamelala na adabu yamtaka awastahi, huchomeka hedifoni, akaiacha tarakimu pale pale ilipokuwa, na kabla hajaketi sawasawa huzing'oa masikioni kwa fadhaa, kwa kuwa msemaji yule yule aliyekuwa akinong'ona sasa ananguruma. Mkono wake haukusogeza kitu, na mashine haikuharibika. Kilichobadilika ni jambo ambalo tarakimu ile haikupata kulitaja.

Wazee wa pwani, waliokuwa wakipima nafaka kwa pishi na kibaba, wasingalighafilika na jambo hili. Pishi moja ni vibaba vinne. Basi nusu ya pishi ni vibaba viwili, na nusu ya kibaba ni nusu kibaba tu, na mnunuzi aliyefika dukani akasema, "Nipimie nusu," pasi na kutaja nusu ya nini, angaliondoka na mchele wa kulisha watu au wa kulisha kuku, kwa kadiri ya chombo alichokishika muuzaji. Asilimia ya kompyuta ni nusu ya namna hiyo: ni sehemu ya uwezo wa chombo kilichounganishwa saa ile, na vyombo havilingani. Ziko hedifoni ambazo, zikipewa umeme wa miliwati moja, hutoa sauti ya desibeli 90, na ziko nyingine ambazo kwa miliwati hiyo hiyo hutoa desibeli 110. Na tofauti hiyo ya 20, ingawa yaonekana haba katika maandishi, maana yake ni kwamba zile za kwanza zitahitaji nguvu mara 100 ndipo zizifikie za pili. Hata vyombo visivyogusa sikio vina hitilafu hiyo, kwani vile vya nyumbani hupelekeana sauti kwa kiwango cha takriban voliti 0.3, ilhali vya studio hutumia takriban voliti 1.2.

Desibeli yenyewe ina nasaba yake. Katika siku za mwanzo za simu, mafundi wa kampuni za Bell huko Marekani walipima upungufu wa sauti kwa maili za waya, wakisema kuwa njia fulani ya simu imeipunguza sauti kama ambavyo maili kadhaa za waya wa kigezo zingaliipunguza. Mwaka 1924 walikiacha kipimo hicho, wakatunga kingine cha hisabu tupu, na mwaka 1928 wakakiita desibeli, yaani sehemu ya kumi ya beli, kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell aliyefariki miaka 6 kabla yake. Ajabu ya kipimo hiki ni kwamba hatua zake huzidisha badala ya kujumlisha: desibeli 10 zikiongezwa, nguvu huwa mara 10, zikiongezwa 20, mara 100, zikiongezwa 30, mara 1,000. Mafundi hawakulifanya hili kwa kupenda mafumbo. Sikio la mwanadamu, ambalo Mola amelijaalia kuusikia mchakacho wa panya darini na ngurumo ya radi juu ya paa lile lile, huihisi nguvu iliyozidishwa mara 10 kuwa ni sauti iliyoongezeka takriban maradufu tu.

Na hapa pana chanzo cha pili cha mkanganyo. Lau kile kidoto tunachokisogeza kushoto na kulia kingaliugawa umeme kwa usawa, karibu mabadiliko yote ya sauti yangalisongamana mwanzoni mwa mstari, na sehemu iliyobaki ingalikuwa pambo. Kwa hiyo waunda programu huupinda mstari huo kwa hisabu ili ulifuate sikio. Lakini kila mmoja huupinda kwa rai yake, hata 50 ya programu moja haiwi 50 ya jirani yake, ijapokuwa zote mbili zatumia spika moja. Fauka ya hayo, mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell, walichapisha michoro iliyobainisha kwamba sauti inaposhushwa, milio mizito hutoweka masikioni upesi kuliko ya kati. Ndiyo maana spika mbili zilizolinganishwa kwa maneno ya msemaji huweza kutofautiana mno ipigwapo ngoma.

Chanzo cha tatu kimo ndani ya mafaili yenyewe. Sauti ya tarakimu ina dari isiyovukika: katika CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, kila chembe ya sauti huwekwa katika mojawapo ya ngazi 65,536, na juu ya ngazi ya mwisho hapana pa kukanyaga. Watengenezaji wa nyimbo na matangazo ya biashara, kwa tamaa ya kuwashinda wenzao, wakajifunza kuziinua sauti dhaifu zikaribie dari, hata tangazo likasikika kuwa kali kuliko mchezo wa kuigiza uliolitangulia, ingawa kilele cha yote mawili ni kimoja. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilitoa kanuni ya kupima ukali kwa wastani unaolifuata sikio, badala ya kupima kilele pekee. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakakubaliana kuweka ukali wa vipindi vyao vipimo 23 vya kanuni hiyo chini ya dari. Na mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya kuyazuia matangazo ya televisheni yasivizidi ukali vipindi vyenyewe.

Alhasili, sauti hupita mikono mingi kabla ya kutufikia: faili, programu, mfumo wa kompyuta, chombo kilichounganishwa, na kifundo cha spika. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kidoto chake chini ya kidoto kikuu, na mfumo hukumbuka tarakimu ya kila chombo peke yake. Aidha, baadhi ya hedifoni za Bluetooth hushirikiana tarakimu moja na kompyuta, ilhali nyingine huhifadhi ya kwao. Mwenye kupunguza huku na huku husahau kwamba nusu ikikutana na nusu huzaa robo.

Basi anayetaka utulivu na auchague mkono mmoja wa kutawala, na mingine aiache wazi. Afadhali mkono huo uwe wa mwisho, yaani kifundo cha spika, kwa kuwa kila desibeli 6 zinazopunguzwa ndani ya sauti yenye ngazi 65,536 hupoteza nusu ya ngazi hizo. Kisha achukue sauti moja anayoijua, aisikilize kwanza katika chombo chake kilicho dhaifu kuliko vyote, na vile vyenye nguvu avishushe vilingane nacho. Maana mwenye nguvu huweza kuteremka, ila mnyonge aliyefika ukomo wake hana pa kupanda.

Lakini hedifoni na zianze sikuzote chini kabisa, ndipo zipandishwe pole pole. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 90 kwa saa 4 tu; na hakuna asilimia yoyote kiooni iwezayo kumwambia yupo katika 80 au katika 90. Muuzaji wa zamani alimwonyesha mnunuzi chombo kabla ya kupima. Kompyuta hutuonyesha nusu, ikakificha chombo; basi ni juu yetu kuuliza, kabla ya kuvaa, nusu hiyo ni ya pishi au ya kibaba.