Sindano moja kwa watu wengi

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu iliyoitwa Zaire wakati ule, wauguzi walipewa kila asubuhi sindano tano tu na mabomba yake. Wagonjwa walikuwa mamia. Kila mmoja alipomaliza kuchomwa, sindano ilisuuzwa katika maji ya vuguvugu, ikatumiwa kwa mwingine. Hivyo ugonjwa wa Ebola, ambao ulikuwa bado haujapewa jina, ulipita kutoka mtu hadi mtu, hata kwa mama wajawazito waliofika kliniki. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa.

Watumishi wale walijitoa kweli. Walichokosa ni sindano za kutosha.

Leo sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha inatupwa katika sanduku lake. Ndugu msomaji, una haki ya kuomba pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Muuguzi mwema hatakasirika. Tena uliza kama sindano inahitajika. Wengi wetu hatuamini kwamba tumetibiwa mpaka tuchomwe, hata pale vidonge vinatosha.

Na kamati za vituo vya afya vya makanisa yetu, kabla ya kununua rangi ya ukuta, zihesabu stoo: sindano zilizobaki ni ngapi, na wagonjwa wa juma hili ni wangapi?