Mzee Amekuwa Mkimya

Ukiketi na akina mama wanaosuka vikapu vya majani ya mkoma pale Lodwar, kaskazini mwa Kenya, unaweza kuona mkono mmoja ukichelewa kabla mwenyewe hajalalamika. Wenzake watasema ni uzee, na huenda ni kweli. Lakini ugonjwa wa Parkinson nao huanza hivyo, upande mmoja wa mwili, na mkono unapoanza kusita, sehemu kubwa ya seli za ubongo zinazotengeneza dopamini imeshakufa.

Kemikali hiyo hulainisha mwendo. Tena ndiyo inayotutia hamu ya kujaribu jambo jipya, au ya kutoka tu kwenda kumjulia hali jirani. Hapo ndipo tabia inapoingia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wamekuwa wakiandika kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson walikuwa watu wa bidii na tahadhari, wasiopenda kubahatisha. Utafiti uliotumia takwimu za Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watu karibu 500,000, uliona kwamba wenye wasiwasi wa kudumu waliugua zaidi.

Msomaji asikimbilie kusema wasiwasi ndio ulioleta ugonjwa. Ugonjwa huu hujificha mwilini miaka mingi, na naona huenda baadhi ya hiyo tunayoiita tabia ni ugonjwa wenyewe ukianza kazi.

Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, ni rahisi zaidi dalili kufasiriwa vibaya. Babu aliyekimbia vita Sudan Kusini au Kongo ananyamaza, sauti inafifia, haendi tena kuketi na wenzake. Watoto wanasema anawaza nyumbani. Wajukuu wakimkimbilia, uso haukunjuki, nao wanadhani amewachoka. Hajawachoka hata kidogo! Misuli ya uso imekakamaa; upendo umo ndani, umekosa pa kutokea. Wala si Kakuma tu: wilayani Hai, Tanzania, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu zaidi ya 160,000 walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Kwa hiyo mzee akibadilika, mwulizeni mambo ya mwili yanayoweza kutangulia ugonjwa huu. Bado anasikia harufu ya chakula? Choo kinampa shida? Usiku hupiga mateke na kupiga kelele usingizini? Mpelekeni kwa daktari na majibu hayo.

Hata dawa hugusa tabia. Levodopa huwarudishia wengi mwendo, lakini baadhi ya dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli, zinaweza kumfanya mtu aliyekuwa mwangalifu maisha yake yote acheze kamari kwenye simu hadi mbuzi wauzwe. Familia huificha aibu hiyo. Mwambieni daktari mapema, apunguze au abadilishe dawa. Msiikatishe ghafla wenyewe, maana mwili unaweza kukakamaa vibaya na homa kupanda.