Kansa ya maini: tuache kutafuta mulozi, tuangalie damu na gunia

Mu makampo yetu tunazika wanaume wa miaka 40 ao 45 ambao tumbo lilivimba, macho yakageuka manjano, mwili ukakauka kwa miezi michache tu. Matanga haijaisha, watu wanaanza kuulizana: nani amemuloga? Familia zinagawanyika, wajane wanafukuzwa.

Sisi wa sendika tunasema: mara nyingi ugonjwa ule ni kansa ya maini, na inaanza nyuma sana, pengine miaka 20 ao 30 mbele ya tumbo kuvimba.

Ya kwanza ni kirusi cha hepatiti B. Kinapita mu damu, mu kulala pamoja, na kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto wakati wa kuzaa. Wembe moja kwa watu kumi, chale za muganga, sindano iliyokwisha kutumika: njo njia zake. Kula bukari ku sahani moja, hapana. Kupeana mikono, hapana. Mwenye nacho anaweza kushuka mu mugodi miaka mingi bila kusikia kitu. Hepatiti C nayo inapita mu damu, lakini siku hizi iko vidonge vya kuiponyesha kwa miezi 3 hivi.

Ya pili iko mu gunia. Mahindi na karanga zikiwekwa bila kukauka, ao zikinyeshewa njiani, zinafanya ukungu. Ukungu ule unatoa sumu, jina lake aflatoksini. Moto wa bukari hauimalizi. Kusaga kunaficha ukungu ku macho, lakini sumu inabaki. Na kwa mwenye hepatiti B, sumu hii inazidisha hatari ya kansa mara nyingi sana. Si mambo ya mbali: mwezi wa 8 mwaka 2024, kule Zambia, fasi unga yetu mingi inatoka, imbwa mamia zilikufa. Serikali yao ikapima unga ya viwanda: sampuli 25 kati ya 50 zilikutwa na aflatoksini.

Ya tatu ni pombe. Wanaosema lutuku inasafisha vumbi ya mugodi mu kifua wanajidanganya. Inachoma maini, na yakiwa na kirusi yanaharibika mbio zaidi.

Bamama, mupeleke watoto chanjo ku wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mwenye mimba apimwe. Gunia ikae juu ya mbao, fasi kavu. Karanga zilizokunjamana ao kugeuka rangi, tupeni. Musiwape hata kuku. Mtu mukubwa apime damu: kama hana kirusi, sindano 3 mu miezi 6 zinamukinga. Kama anacho, dokteri ataangalia kama anahitaji vidonge vya kukituliza.

Lakini mambo yote si ya jikoni. Kampuni inayotoa unga kama sehemu ya malipo ionyeshe karatasi ya kipimo, na depo yake isivuje. Hepatiti B iingizwe mu vizita ya kila mwaka, pamoja na bibi na watoto. Majibu yabaki kati ya dokteri na mfanyakazi, na mtu asifukuzwe kazi juu ya damu yake. Wachimbaji wa mikono, ambao hawana patro, waombe ile ile ku koperative zao.

Delege wenu akipita na daftari, andikeni majina ya wanaotaka kupimwa. Tukiwa na majina mingi, hawatatujibu kwamba hakuna aliyeomba.