Darubini ya Kuangalia Kiboko Jioni: Kikundi Kinunue Ipi?



Juzi nilitembelea kikundi cha akina mama wanaolima mboga kando ya ziwa, upande wa Sio Port. Walinionyesha darubini waliyonunua kwa pesa za chama. Nia yao ilikuwa njema: mmoja wao asimame mahali pa juu jioni, aangalie kama kiboko amekaribia ufuko, ndipo wenzake washuke kuteka maji. Mchana darubini ile iliona vizuri. Jioni ikawa haina faida. "Sista, tumeibiwa ama hatujui kuitumia?" wakaniuliza. Tukaketi tukaichunguza pamoja, na tuliyojifunza siku hiyo nawaletea ninyi pia.

Kwa nini jioni?

Kiboko hushinda majini. Jua likizama hutoka kwenda kula nyasi, na kwa usiku mmoja anaweza kula kama kilo 40. Alfajiri anarudi. Hatari kubwa ni kukutana naye njiani, au kusimama kati yake na maji. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Nusu saa baadaye giza limeshaingia. Basi darubini tunayoitaka ni ile ya kutusaidia katika nusu saa hiyo. Giza likishaingia kabisa, darubini ya kawaida haisaidii tena.

Namba mbili zina maana gani?

Kila darubini ina namba mbili, kwa mfano 8x40. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta kitu karibu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Kioo hicho ni kama mdomo wa pipa la kukinga maji ya mvua: ukiwa mpana, mwanga mwingi unaingia.

Wengi wetu hukimbilia namba ya kwanza kubwa. Jioni hilo ni kosa. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho:

7x50 inatoa milimita 7 hivi.
8x40 inatoa 5.
10x50 inatoa 5 pia, lakini inavuta zaidi, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo picha inarukaruka.
10x25 inatoa 2.5 tu. Hiyo ni ya mchana.

Mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani hadi kama milimita 7. Sisi tunaokaribia miaka hamsini, yetu hufunguka kama 5. Kwa hiyo mlinzi akiwa kijana, 7x50 itamfaa sana. Akiwa mzee, 8x40 au 8x42 inamtosha, tena ni nyepesi shingoni. Ikiwa chini ya 4, msinunue kwa kazi ya jioni.

Rula ya mtoto wa shule

Darubini ya akina mama wale ilikuwa imeandikwa 30x60. Nikaomba rula ya mtoto, tukapima kioo cha mbele. Hakikufika hata sentimita 3! Kumbe namba ni maandishi tu. Kama ingekuwa kweli inavuta mara 30, mkono wa mtu usingeweza kuituliza. Basi mkienda madukani Busia au Malaba, au kwa wauza mitumba, bebeni rula.

Mambo ya kupima kabla ya kulipa

1. Angalia mwanga unavyorudi kwenye kioo cha mbele. Ukiona rangi hafifu ya kijani au zambarau, kioo kimepakwa dawa ya kupitisha mwanga. Ukirudi mweupe kama wa dirisha, jioni itakuwa hafifu. Kioo chekundu kama rubi kinapendeza macho, lakini kinarudisha sehemu ya mwanga, kwa hiyo kiache.

2. Tazama mlingoti wa stima kwa macho yote mawili. Ukiona milingoti miwili, vioo vya ndani vimehama. Itawaumiza kichwa. Kataa.

3. Ielekeze kwenye mwanga wa mchana, lakini kamwe si kwenye jua, kwa maana jua litaharibu macho. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu. Ya mitumba huwa nayo mara nyingi.

4. Itikise kidogo. Ikilia ndani, kuna kitu kimelegea.

5. Anayevaa miwani ajaribu akiwa nayo, akikunja mipira ya machoni.

6. Muhimu kuliko yote: mwombe mwenye duka mtoke nje jua likizama, muangalie kwenye kivuli cha mti. Asiyekubali, mwacheni na mali yake. Na dai risiti, iwe imenunuliwa upande huu au ng'ambo ya mpaka.

Si ya kuwinda

Vijana wengine watauliza kama inafaa kwa kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu fidia kwa mtu aliyeumizwa na mnyama. Kwa hiyo mlinzi awe na daftari: tarehe, saa, mahali, ameona nini. Mkipeleka taarifa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, mtakuwa na maandishi mkononi.

Tena kumbukeni, darubini ni ya kuona kwa mbali ili mkae mbali. Kiboko anaweza kuzama dakika kadhaa bila kuonekana. Usipomwona, usiseme hayupo. Subiri na utazame tena. Na maji yanayoweza kutekwa mchana, yatekwe mchana.

Akina mama wale sasa wanaweka akiba upya. Safari hii wamekubaliana kutuma watu wawili sokoni, kijana mmoja na mzee mmoja, na rula.

Maswali ya kujadili kikundini

Ni nani kati yetu atakayekuwa mlinzi, na macho yake yako vipi?
Darubini itatunzwa nyumbani kwa nani, na ikipotea nani atawajibika?
Tukimwona kiboko, tutawajulisha wenzetu kwa njia gani: filimbi, simu, au ngoma?