Propela ya Mbele Isisahauliwe



Katika kukagua pikapu za vyama nimeona kosa moja likijirudia: propela ya nyuma hutiwa grisi, ya mbele husahauliwa. Madereva hudhani kuwa haichakai, kwa sababu gia ya magurudumu manne hutumika wakati wa masika tu. Dhana hiyo si sahihi. Habu za mbele zikiachwa zimefungwa, propela hiyo huzunguka safari nzima. Na hata isipozunguka, tope na maji huingia katika krosi, yaani viungo vyake vyenye umbo la msalaba.

Kazi yenyewe ni ndogo. Gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Kila nipeli ifutwe kwanza, kwani uchafu ulio juu yake husukumwa ndani pamoja na grisi. Krosi zipigwe bomba mpaka grisi mpya itokeze katika vikombe vyote vinne. Lakini pale propela inaporefuka na kufupika, grisi isizidi. Ikijaa mno, propela hushindwa kufupika gari linapopita shimoni, ikaumiza beringi za giaboksi na difu.

Ifanyike hivyo kila kilomita 5,000, na kila baada ya kuvuka maji mengi. Tarehe iandikwe katika daftari la gari. Krosi ikikatika msimu wa ununuzi, mazao hulala ghalani, na gharama humwangukia mkulima.